Moyo unakimbia, chanzo kiko tumboni: jinsi homoni ya mimba inavyoichochea tezi ya thairoidi

Kuna ugonjwa wa tezi ya thairoidi ambao tezi yenyewe haina kosa. Iko mahali pake shingoni, haina saratani, haijashambuliwa na kinga ya mwili, na bado inamwaga homoni kupita kiasi mpaka moyo wa mgonjwa unakimbia akiwa amelala. Ukimpa dawa za tezi peke yake utampunguzia dalili, lakini chanzo kitaendelea kukua, kwa sababu kiko ndani ya mji wa mimba: mara nyingi ni mimba zabibu, yaani kondo la nyuma lililokua vibaya. Kwa wanaume wachache kiko kwenye korodani.

Naliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu hapa Bukavu mgonjwa wa namna hii ana njia nyingi za kupotea kabla ya kufika panapostahili. Chukua mfano wa mama wa Kadutu mwenye miaka 43. Nimeutunga mfano huu, ila dalili zake ni zilezile ambazo madaktari wa uzazi wanazijua. Hajaona damu ya mwezi kwa miezi mitatu. Anatapika kuliko alivyotapika katika mimba zake zote zilizotangulia. Tumbo limekua haraka, lakini mabega na mapaja yamekonda na nguo zinampwaya. Mikono inatetemeka akisonga bugali. Jasho linamtoka hata usiku wa baridi, usingizi hauji, na siku nyingine anaona damu kidogo kwenye nguo ya ndani. Mama mkwe anasema ndivyo mimba za ukubwani zilivyo. Jirani ananong'ona kuhusu karuho, ile sumu inayoogopwa Kivu nzima. Mwingine anawaza Sida, yaani Ukimwi, lakini hathubutu kusema. Wote wanampenda na kila mmoja ameshika dalili moja. Mtu wa kuziunganisha dalili zote bado hajapatikana.

Tuanze na utaratibu wa kawaida. Tezi ya thairoidi haijiamulii kazi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, inayotoa homoni iitwayo TSH. Hiyo husafiri kwenye damu, hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za thairoidi, na thairoidi hutengeneza homoni zake mbili, T4 na T3, kwa kutumia iodini tunayoipata kwenye chakula na chumvi. T4 na T3 zikitosha, pituitari hupunguza TSH, zikipungua, huiongeza. Homoni hizo mbili ndizo zinazoamua mwendo wa mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, kasi ya kuchoma chakula, hata utulivu wa akili. Zikizidi, kila kitu kinakwenda mbio.

Sasa hCG. Hii ni homoni ya mimba, na hutengenezwa na seli zinazojenga kondo la nyuma. Kazi yake ya mwanzo ni kuifanya ovari iendelee kutoa projesteroni, ili ukuta wa mji wa mimba usibomoke na damu ya mwezi isije. Ndiyo pia homoni inayotafutwa na kile kijiti cha kupimia mkojo kinachouzwa kwenye kila farmasi.

TSH na hCG ni homoni za ukoo mmoja. Kila moja imeundwa kwa minyororo miwili ya protini. Mnyororo wa alfa, wenye asidi amino 92, ni uleule katika zote mbili, na uko pia katika LH na FSH, homoni zinazoendesha ovari na korodani. Mnyororo wa beta ndio unaotofautiana, na ndio unaoipa kila homoni mahali pake pa kwenda. Hata hivyo beta hizo zinafanana kiasi, na vipokezi vyake vinafanana pia. Matokeo yake, hCG inaweza kushika kipokezi kilichowekwa kwa ajili ya TSH. Inakishika kwa udhaifu mkubwa, lakini inakishika.

Fikiria mtoto aliyepotezana na mama yake katika soko la Kadutu. Mama mwingine mwenye sauti inayokaribiana akiita mara moja kutoka mbali, mtoto hageuki. Wakiita mia kwa pamoja, bila kunyamaza, atageuka na kuwafuata. Hivyo ndivyo hCG inavyoshinda: kwa wingi wake.

Katika mimba ya kawaida wingi huo una mpaka. hCG hupanda upesi, hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11, mara nyingi karibu na yuniti 100,000 kwa lita moja ya damu, kisha hushuka. Ukipima TSH katika wiki hizo utaikuta imeshuka kidogo, kwa sababu hCG tayari inaisukuma tezi na pituitari imeona kazi inafanyika. Huo si ugonjwa. Katika mimba chache, kama 1 hadi 3 katika kila 100, msukumo huzidi kidogo, hasa kwa mwenye mapacha au anayetapika mno. T4 hupanda, mama husikia moyo ukidunda, na mimba ikikaribia nusu ya muda wake mambo huwa yametulia bila dawa za tezi. Mwaka 1998 watafiti walieleza habari za mwanamke mmoja na mama yake mzazi, ambao wote wawili walipatwa na tezi kuzidisha kazi walipokuwa wajawazito, ingawa hCG yao haikuwa na kasoro. Katika kipokezi chao cha TSH, asidi amino moja tu ilikuwa imebadilika, na badiliko hilo lilitosha kukifanya kiitikie hCG ya kiwango cha kawaida. Kwangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kuonyesha mlango ambao homoni ya mimba huingilia.

Mimba zabibu huvunja mpaka huo. Ile iliyo kamili huanza pale mbegu inapoingia katika yai lisilo na jeni za mama. Jeni zote zinakuwa za baba, mtoto hajengeki, na kinachokua ni tishu ya kondo peke yake, iliyojaa vifuko vya maji vilivyoshikana kwa vishada. Ile isiyo kamili hutokea mbegu mbili zinapoingia katika yai moja lenye jeni zake, na pengine sehemu za kijusi huonekana. Mwanamke hakufanya lolote kuileta. Haitokani na laana ya ukoo wala na dawa za uzazi wa mpango alizowahi kumeza. Umri una uzito wake: huwapata zaidi wasichana wadogo sana na wanawake waliovuka miaka 40.

Tishu hiyo ya kondo, isiyo na mtoto wa kulisha, hutoa hCG bila kipimo. Kiwango kinaweza kuvuka yuniti 200,000 kwa lita na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo tezi ya thairoidi huanza kuelemewa. Kuna wagonjwa wanaovuka milioni moja. Tena hCG ya uvimbe mara nyingi hupungukiwa na sehemu ya sukari zinazoizunguka, na umbo hilo huchochea kipokezi cha tezi kwa nguvu zaidi. Pituitari huona T4 imefurika na kufunga TSH kabisa, lakini haina mamlaka juu ya uvimbe. Inazima kwake huku tumboni kunawaka.

Damu ikipimwa katika labo, majibu hutoka hivi: TSH karibu haipo, T4 na T3 ziko juu. Hapo ndipo kosa jingine hujificha, kwa sababu majibu hayohayo hupatikana katika ugonjwa wa Basedow, ule ambao kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoichochea tezi. Basedow huwapata sana wanawake wenye umri wa kuzaa, kwa hiyo ni rahisi kumwandikia mama yule dawa za Basedow na kumrudisha nyumbani. Macho yaliyotokeza nje ni dalili ya Basedow na hayasababishwi na hCG. Kipimo cha kingamwili kingetofautisha vizuri, lakini kwa wengi ni cha bei kubwa au hakipatikani. Swali lisilo na gharama ni hili: damu ya mwezi ilikuja lini mara ya mwisho, na tumbo likoje?

Sisi wa Kivu tuna sababu yetu ya ziada ya kuchanganyikiwa. Rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, tunalijua. Kisiwa cha Idjwi, pale katikati ya ziwa letu, kilichunguzwa kuanzia miaka ya 1960 na watafiti kama François Delange na André Ermans, waliokuta watu wengi mno wenye shingo zilizovimba kwa kukosa iodini, na waliodhani muhogo nao una sehemu yake, maana upande wa kaskazini uliathirika kuliko kusini-magharibi ingawa iodini ilikuwa haba kote. Rovu la aina ile mara nyingi lilikuwa na homoni pungufu au za kawaida. Chumvi yenye iodini ilipoenea miaka ya 1990, rovu lilipungua, ila baadhi ya watu waliokuwa na mavimbe ya zamani shingoni walipata tezi inayozidisha kazi. Basi mama wa kisiwani, mwenye rovu tangu utotoni, akija na mtetemeko na moyo wa mbio, macho ya wote yanakwenda shingoni. Katika mimba zabibu shingo inaweza kuvimba kidogo tu au isivimbe kabisa. Ukubwa wa shingo hauwezi kukupa jibu.

Kuna mtego mwingine ambao naona unapaswa kujulikana hata na wauguzi wa vituo vidogo kabisa. Kijiti cha mkojo kinaweza kusema hakuna mimba wakati hCG imefurika. Ndani ya kijiti kuna kingamwili za aina mbili. Moja imebandikwa kwenye mstari, nyingine inabeba rangi. Mstari hutokea pale chembe moja ya hCG inaposhikwa na zote mbili, moja huku na nyingine kule. hCG ikizidi sana, kila kingamwili hujaa chembe zake yenyewe, hakuna chembe inayoshikwa pande mbili, na rangi haibaki kwenye mstari. Dawa yake ni maji. Changanya mkojo na maji safi, sehemu moja kwa kumi, kisha kwa mia, na upime tena. Mstari uliokuwa haupo utajitokeza. Mama mwenye tumbo kubwa, damu ukeni na kijiti kinachokataa asirudishwe nyumbani bila kufanyiwa hivyo, wala bila ekografi, ile picha ya tumbo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Ekografi ndiyo hukata shauri mara nyingi: mji wa mimba umejaa vifuko vidogovidogo, hakuna mtoto, hakuna mapigo, na ovari zinaweza kuwa na mavimbe ya maji pande zote mbili. Kabla ya wiki ya 10 picha inaweza kufanana na mimba iliyoharibika ya kawaida. Ndiyo sababu tishu iliyotolewa isitupwe. Ipelekwe kuchunguzwa na mtaalamu wa patholojia, na familia ina haki ya kuuliza imepelekwa wapi. Presha ya damu kupanda kabla ya wiki ya 20 nayo ni ishara ya kuifikiria mimba zabibu.

Tiba ya kweli ni kuusafisha mji wa mimba kwa kuvuta kilichomo, huku damu ya kuongezewa ikiwa tayari na ekografi ikisaidia pale ilipo. Hapa tezi inarudi kuwa jambo la uhai na mauti. Mgonjwa ambaye thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi, akipelekwa kwenye usingizi wa upasuaji bila kutayarishwa, anaweza kupatwa na dhoruba ya thairoidi: homa kali, mapigo ya moyo yasiyohesabika, kuchanganyikiwa, moyo kushindwa. Ndiyo maana anapewa kwanza propranololi ya kutuliza moyo, isipokuwa kama ana pumu, pamoja na dawa za kuzuia tezi kama thiamazoli au propilthiourasili, na pengine iodini. Hata pale ambapo damu inatoka kwa wingi na hakuna muda wa kusubiri, mtoa usingizi lazima ajue. Kama wewe ndiye dada au mume uliyemsindikiza, na umeona anatetemeka na kukonda kwa wiki nyingi, sema. Usidhani wameshajua.

Bukavu si mji usio na wajuzi wa magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa wanawake Denis Mukwege, aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2018, imeujulisha mji huu duniani kote. Kilicho kigumu ni safari ya kufika kwa mjuzi: boti kutoka Idjwi, barabara kutoka Kalehe au Walungu, pesa ya ekografi, na wiki zilizopotea kwa waombezi na wauza mizizi.

Baada ya kusafishwa, hCG huanza kushuka, na thairoidi huifuata. T4 iliyokwisha kumwagwa huchukua kama wiki moja kupungua kwa nusu, kwa hiyo mtetemeko hauishi siku hiyohiyo. Dawa za tezi hupunguzwa na kuachwa ndani ya wiki chache. Hakuna sababu ya kumpasua shingo mgonjwa huyu wala kuiua tezi yake kwa iodini ya mionzi.

Kazi iliyobaki ni ndefu, na ndiyo inayoachwa njiani. Katika kila wanawake 100 waliopata mimba zabibu kamili, kama 15 hadi 20 hubaki na seli zinazoendelea kukua baada ya kusafishwa. Zinaweza kuzama katika misuli ya mji wa mimba au kugeuka koriokarsinoma, saratani inayokimbilia mapafu, ini na ubongo. Kinachozifichua mapema ni hCG. Hupimwa kila wiki mpaka irudi kawaida, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa, kwa desturi hadi sita. Ikisimama bila kushuka, au ikianza kupanda, tiba ya kemikali inahitajika. Katika kipindi hicho mama atumie njia ya uzazi wa mpango, na vidonge vinafaa, kwa sababu mimba mpya itapandisha hCG na hakuna atakayejua inatoka kwa mtoto au kwa ugonjwa.

Sheria hiyo ya kufuata hCG mpaka mwisho ina historia yake. Mwaka 1956, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Min Chiu Li akishirikiana na Roy Hertz walianza kutibu koriokarsinoma iliyosambaa kwa dawa ya methotreksati. Uvimbe ulipotea kwenye picha za mapafu. Li alikataa kuacha dawa maadamu homoni ilikuwa bado inaonekana, hata kidogo. Wakubwa wake waliona anawatesa wagonjwa kwa sumu bila sababu, na akapoteza nafasi yake pale. Baadaye ilionekana kwamba waliotibiwa mpaka homoni ikaisha ndio waliopona moja kwa moja, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Ugonjwa huu ukawa saratani ya kwanza ya uvimbe mgumu, yaani isiyo ya damu, kwa watu wazima kuponywa kwa dawa. Leo wagonjwa walio katika kundi la hatari ndogo karibu wote hupona, mara nyingi wakiwa na kizazi chao.

Pale ambapo labo haiwezi kutoa namba ya hCG, kijiti cha mkojo kinachorudiwa kila wiki ni bora kuliko kukaa gizani, ingawa hakioni kilicho chini ya yuniti 25 hivi. Kikigeuka tena kuwa na mistari miwili, safari ya kwenda hospitali kubwa haingoji.

Koriokarsinoma haifuati mimba zabibu peke yake. Inaweza kuja baada ya mimba kuharibika, na hata baada ya mtoto mzima aliyezaliwa vizuri, miezi kadhaa baadaye. Mwanamke anakohoa damu, amekonda, anatoka jasho usiku, radiografia ya kifua ina madoa. Katika mkoa wetu jina la kwanza litakalotajwa ni kifua kikuu, na mara nyingi litakuwa sahihi. Lakini kama makohozi hayaonyeshi kifua kikuu, au damu ya ukeni haijakauka tangu azae, kipimo cha mimba kinagharimu kidogo mno kuachwa. Moyo ukiwa mbio na TSH ikiwa imezama, shaka iongezeke. Na vinundu vya rangi ya buluu vinavyoonekana ukeni visikatwe kwa ajili ya kuchunguzwa, kwa sababu vinaweza kutoa damu isiyozuilika.

Kwa wanaume, saratani fulani za korodani hutoa hCG kwa wingi uleule. Kijana huona korodani moja imekuwa ngumu, matiti yanavimba, uzito unashuka, moyo unadunda. Kipimo chake cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba, na watu watacheka. Kicheko hicho kinamchelewesha mtu anayeweza kupona kwa upasuaji na dawa kama sisplatini. Tusichanganye hili na uvimbe adimu wa ovari ulio na tishu ya thairoidi ndani yake: ule hutengeneza T4 wenyewe, bila kupitia hCG wala shingo.

Mwanamke aliyemaliza ufuatiliaji anaweza kubeba mimba tena. Uwezekano wa mimba zabibu kurudi ni kama 1 katika 100, kwa hiyo mimba inayofuata ifanyiwe ekografi mapema, na hCG ipimwe tena wiki 6 baada ya mimba hiyo kumalizika, iwe kwa kuzaa au kwa kuharibika.